Simanzi hutanda

Tarehe 4 Mei 2020, katuni ya Star Wars: The Clone Wars ilifikia tamati kwa sehemu iitwayo Victory and Death. Meli ya angani imeanguka. Mashujaa wawili, Ahsoka Tano na Rex, wamewazika wenzao, askari wale wale walioamriwa kuwaua. Kofia zao za vita zimesimikwa kwenye vijiti, safu kwa safu, zingine zingali na rangi waliyopaka kwa heshima ya Ahsoka. Kisha tunaona theluji imefunika kila kitu. Darth Vader, yule mwovu mwenye vazi jeusi, anafika, anaokota upanga wa nuru, anaondoka. Hakuna anayetamka neno.

Mashabiki wengi walilia. Wengine walikaa tu mbele ya skrini, wasijue la kusema. Ukimya huo tuna neno lake: simanzi.

Kamusi hulifasili kwa visawe, huzuni na majonzi. Mimi siridhiki, kwa sababu vitenzi vyake vinasema zaidi. Huzuni, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, humwingia mtu, ikamkaa moyoni. Simanzi hutanda kama wingu, hugubika nyumba hadi mtaa mzima. Ndiyo maana magazeti yetu huandika “simanzi yatanda” msiba unapowagusa wengi, na ni nadra kumsikia mtu akisema “simanzi yangu”.

Mei ile, korona ilikuwa imewafungia mamilioni ndani. Kila mtazamaji alikuwa chumbani kwake, na bado simanzi ilikuwa moja.