Barua kutoka Ulva: nasaba ya Livingstone kati ya rejista na simulizi

Mwaka 1857, alipochapisha kitabu cha safari zake za Afrika, David Livingstone aliweka mwanzoni maelezo mafupi ya asili yake. Baba wa babu yake, alisema, alifia vitani Culloden akiwapigania wafalme wa ukoo wa zamani, yaani wa Stuart. Babu yake, Neil, alikuwa mkulima mdogo katika kisiwa cha Ulva, kando ya kisiwa kikubwa cha Mull, magharibi mwa Uskoti, na aliweza kusimulia maisha ya wazee wake hadi vizazi sita nyuma yake. Wachunguzi wa nasaba hupenda kuigawa habari hii mafungu mawili. La mkulima na kisiwa hulikubali. La Culloden na vizazi sita huliweka kando, kwa kuwa hakuna ukurasa wa rejista ya parokia unaolithibitisha. Mgawanyo huo naupinga. Siupingi kwa kuwa nina hakika mzee yule alifia Culloden; hakika hiyo haipatikani. Naupinga kwa sababu unaipa rejista heshima isiyoistahili, na unamnyima msimulizi haki ya kusikilizwa ambayo kila shahidi hupewa kabla ya kuhukumiwa.

Ngazi ya kupandia inajulikana. Mtafiti huanzia kwenye vyeti vya serikali, vilivyoanza kutolewa tarehe 1 Januari 1855. Hupitia sensa ya 1851, inayotaja parokia aliyozaliwa mtu, na ile ya 1841, ambayo umri wa watu wazima ulishushwa hadi namba inayogawanyika kwa tano. Kisha huingia katika rejista za kale za Kanisa la Uskoti, ambazo iliyo kongwe kuliko zote, ya Errol, inaanzia 1553. Kwa ukoo huu ngazi yaonekana imara mwanzoni. Baba yake David, naye akiitwa Neil, alifariki Februari 1856, mwaka mmoja tu baada ya sheria kuanza kutumika, na sheria ilitaka cheti cha kifo kitaje baba na mama wa marehemu. Lakini karani alizipata wapi habari hizo? Alimwuliza aliyesimama mbele yake, akaandika alichoambiwa. David mwenyewe siku hizo alikuwa katika bonde la Zambezi akielekea Tete. Majina ya wazazi katika cheti kama hicho ni simulizi ya ukoo iliyopigwa muhuri wa serikali, na muhuri haubadilishi kinywa yalikotoka.

Rejista ya parokia nayo haikujiandika. Baba alikwenda kwa karani wa baraza la kanisa, ambaye mara nyingi ndiye aliyekuwa mwalimu wa shule ya parokia, akatamka jina la mtoto, na karani akaandika alichoelewa. Waliojitenga na Kanisa rasmi, kwanza mwaka 1733 na tena 1761, wengi hawakuona sababu ya kumfuata karani wa Kanisa walilolihama. Kisha serikali ikazidisha pengo kwa mkono wake yenyewe: kuanzia Oktoba 1783 ilitoza kodi ya peni tatu kwa kila ubatizo, ndoa au maziko yaliyoandikwa, hadi sheria ilipofutwa mwaka 1794. Mafukara walisamehewa. Mkulima mdogo mwenye watoto wengi hakuhesabiwa fukara, wala hakuwa na peni za kutupa. Neil, baba yake David, alizaliwa Ulva mwaka 1788, katikati kabisa ya miaka hiyo kumi na moja. Zaidi ya hayo, rejista za Mull zilizosalia zinaanza baada ya vita vya Culloden. Mtu aliyekufa mwaka 1746 atadaiwaje kuonekana katika daftari ambalo wakati huo lilikuwa bado halijafunguliwa?

Hata jina lenyewe linamsumbua anayetegemea karatasi peke yake. Katika visiwa na pwani za magharibi, ambako watu walizungumza Kigaeli, waliokuja kuandikwa Livingstone walijiita Mac an Lèigh, tamko ambalo wengi hulifasiri kuwa mwana wa tabibu, ingawa wapo wanaolirudisha kwenye jina la mtu, Donn Sléibhe. Makarani walioandika kwa Kiingereza waliligeuza mara McLeay, mara McLea, mara Livingstone, kwa kadiri ya sikio na mazoea. David mwenyewe katika ujana wake aliandika Livingston, bila herufi ya mwisho. Kutokana na jina hili la kuvikwa wako waliojaribu kumfunga kwenye masharifu wa Linlithgow, watu wa nyanda za chini karibu na Edinburgh, ukoo wa Mary Livingston aliyemhudumia Malkia Mary. Dai hilo sioni sababu ya kulipa nafasi zaidi ya sentensi hii: halina simulizi wala karatasi, lina mfanano wa herufi tu.

Dharau dhidi ya simulizi za Kigaeli ina historia yake, na sehemu ya historia hiyo inapita Ulva kwenyewe. Oktoba 1773 Samuel Johnson na James Boswell walilala katika kisiwa hicho, wageni wa MacQuarrie, mwenye ardhi. Mwenyeji wao aliwaambia kwamba ukoo wake ulikuwa umekimiliki kisiwa kwa miaka mia tisa, na kwamba sasa madeni yalikuwa yanakiondoa mikononi mwake. Kiliuzwa mwaka 1777. Johnson, aliyerudi nyumbani akiwa na shaka kubwa juu ya mapokeo ya Kigaeli, aliamini kwamba watu wasioandika hawawezi kutunza habari za kale: mnyororo wa midomo ukikatika mara moja, hauungwi tena. Hoja hiyo ina nguvu, na mtu asiitupe haraka. Mnyororo hukatika kweli. Lakini Johnson alikuwa akipigana na mashairi ya Ossian yaliyochapishwa na James Macpherson, yaani kazi ya mtu msomi aliyedai kutafsiri utenzi wa kale, na hukumu aliyoipata kwenye ugomvi huo haifai kubebwa ikatwikwe mkulima anayemtaja baba wa baba yake. Ukumbusho wa wazee ulikuwa na kazi ya kufanya. Katika jamii ambayo nafasi ya mtu kwenye ardhi na ulinzi aliopata vilitegemea yeye ni mwana wa nani, kukosea nasaba kulikuwa na gharama, na majirani walikuwepo kumsahihisha. Ikiwa simulizi ya ukoo ni sahihi, usiku ule wa 1773 Neil, babu yake David, alikuwa kijana wa zaidi ya miaka ishirini na mitano katika kisiwa hichohicho, naye hakuna mgeni aliyemwuliza neno.

Miaka kumi na tisa baadaye mtu alimwandika, na maandishi hayo ndiyo ninayoona yamepuuzwa. W. G. Blaikie, katika maisha ya Livingstone aliyoyachapa mwaka 1880, aliiweka nzima barua fupi iliyotolewa Ulva tarehe 8 Januari 1792, yenye saini tatu: ya mchungaji, ya mzee wa kanisa na ya hakimu wa mahali. Inamtambulisha Neil Livingstone kuwa mtu mwenye mke, mkazi wa Ulva katika parokia ya Kilninian, mwenye mwenendo usio na doa na mcha Mungu. Inasema ana watoto wa kiume wanne, mdogo wao akiwa na miaka mitatu, na wa kike watatu, mdogo wao akiwa na miaka sita. Na kwamba anakusudia kutafuta kazi katika viwanda vya kusokota pamba. Ndiyo barua aliyosafiri nayo hadi parokia ya Blantyre, kando ya mto Clyde, ambako kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1785 kilikuwa na haja ya mikono. Ni Blantyre hiyo ambayo wamisheni Waskoti waliihamishia jina lake kusini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1876. Na ni katika makazi ya kiwanda hicho David alizaliwa tarehe 19 Machi 1813, katika jengo la familia ishirini na nne, kila familia chumba kimoja.

Barua za namna hii zilikuwa za kawaida, na ndiyo maana wachunguzi wa nasaba huzipita wakikimbilia rejista. Parokia haikumpokea mgeni hivihivi. Baraza la kanisa lilitaka ushahidi wa mwenendo wake, tena kwa sababu ya mfuko pia: kabla ya 1845, aliyekaa miaka mitatu katika parokia angeweza kuidai msaada akianguka katika umaskini. Kwa hiyo barua ya kutoka kisiwani ilisomwa na watu waliokuwa na sababu ya kuichunguza. Yupo atakayesema kwamba barua ya kumsifia mtu haiaminiki, maana mchungaji hawezi kumwombea kazi mtu huku akimtia kasoro. Ni kweli kwa upande wa sifa. Ucha Mungu wa Neil tunaweza kuuacha kama ulivyo. Hesabu ya watoto ni jambo jingine. Watoto saba walisafiri pamoja naye na wangehesabiwa langoni mwa kiwanda. Nadhani hata mpangilio wa maneno unaeleza kitu: umri uliotajwa ni wa wadogo tu, kwa sababu mwajiri wa kiwanda cha pamba alitaka kujua ni wangapi walikuwa bado hawajafikia umri wa kufanya kazi.

Sasa hesabu. Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya simulizi ya Culloden ni la miaka. Vita vilipiganwa tarehe 16 Aprili 1746. Mwana wa mtu aliyeuawa siku hiyo alizaliwa kabla ya hapo au, kwa kuchelewa kabisa, mwanzoni mwa 1747. Basi mwaka 1788, alipozaliwa Neil mdogo, alikuwa na miaka isiyopungua arobaini na mmoja. Umri mkubwa, husema wenye shaka. Bila shaka kizazi kimoja kimeachwa. Pingamizi hilo lingesimama kama Neil mdogo angekuwa mtoto wa kwanza. Barua inatuambia alikuwa na ndugu sita, na umri wa miaka mitatu alionao wa mwisho wa kiume ndio hasa wa mtoto wa 1788. Tukiwapa watoto saba nafasi ya miaka miwili miwili, wa kwanza anaangukia karibu na 1776, na baba yake akiwa na miaka ishirini na tisa hivi. Huo ni umri wa kawaida kabisa wa mwanamume kupata mtoto wa kwanza. Barua haithibitishi kwamba mzee alifia Culloden, wala haitaji vita. Inachofanya ni kuliondoa jiwe lililosemwa limeziba njia, na inafanya hivyo ikiwa imeandikwa kwa haja nyingine kabisa, na watu wasiokuwa na habari kwamba ukoo huu siku moja utachunguzwa.

Linabaki pingamizi la pili, nalo ni la haki. Kufikia 1857 kuwa na mzee aliyefia Culloden kulikuwa fahari. Riwaya za Walter Scott zilikuwa zimewapamba wafuasi wa ukoo wa Stuart, na Malkia Victoria mwenyewe alikuwa na makazi nyanda za juu za Uskoti. Je, David hakuchukua pambo lililokuwa likiuzwa sokoni? Nakubali kwamba kinywa cha babu tunakisikia kupitia kalamu ya mjukuu, na hapo hatuna njia ya kuzunguka. Lakini babu alikulia katika miaka ambayo vazi la nyanda za juu lilikuwa haramu, marufuku iliyodumu hadi 1782, na mwana wa mwasi hakuwa na cha kupata kwa kujitangaza. Tena, simulizi haina mapambo. Haimpi mzee cheo, upanga wala neno la mwisho. Inasema aliuawa, basi. Mahali pa kuuawa kwake napo si pa ajabu: wanaume wa Mull walikuwa Culloden chini ya Maclean wa Drimnin, na orodha ya kikosi cha akina Stewart wa Appin, yenye waliouawa 92 na majeruhi 65, ina akina McLea waliojulikana pia kuwa Livingstone. Yeye ni nani kati yao, au kama yumo, orodha haisemi.

Waliobaki Ulva waliondolewa kwa mamia chini ya mmiliki wa kisiwa, Francis William Clark, katika miaka ya 1840 na iliyofuata, na pamoja nao wakaondoka walioweza kuulizwa. Upande wa mama, akina Hunter, unahitaji makala yake wenyewe.

Jambo moja wanaodai karatasi kabla ya yote wangelitazama tena. Kwenye mti huko Chitambo, alikofia David, Jacob Wainwright, aliyesoma shule ya wamisheni, alichonga kwa herufi jina la Livingstone na tarehe 4 Mei 1873. Abdullah Susi na James Chuma, waliokuwa na Livingstone usiku wa kifo chake na kuubeba mwili wake hadi Bagamoyo, walifika Uingereza mwaka 1874 na kumsimulia Horace Waller, aliyekuwa akizihariri shajara za mwisho, jinsi siku zilivyopita tangu marehemu aliposhindwa kuandika baada ya tarehe 27 Aprili. Waller alizihesabu siku walizozitaja, akaacha tarehe iliyochongwa. Jiwe la kaburi la kitukuu wa mtu wa Culloden, ndani ya Westminster Abbey, limeandikwa tarehe 1 Mei.