Zana za maktaba zinazofanya kazi hata mtandao ukikata, kuanzia Sale hadi Karatu

Mwanafunzi wa sekondari aliyepo Sale, wilayani Ngorongoro, yuko wilaya moja na nyayo za kale zinazojulikana dunia nzima. Engare Sero, karibu na Ziwa Natron, kuna zaidi ya nyayo 400 za watu waliopita hapo kati ya miaka 19,100 na 5,760 iliyopita. Laetoli nayo ipo Ngorongoro, na nyayo zake zina umri wa miaka zaidi ya milioni 3.6.

Utafiti wa Engare Sero ulitoka mwaka 2020 kwenye jarida la Scientific Reports. Ule wa nyayo mpya za Laetoli, uliofanywa na watafiti wakiwemo Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoka mwaka 2016 kwenye jarida la eLife. Majarida yote mawili ni ya wazi. Hulipii hata shilingi.

Ila kuzisoma kunataka simu yenye chaji, bando, na mtu wa kukuonyesha pa kutafuta. Mtu huyo ndiye mkutubi, au kwa shule nyingi za vijijini, mwalimu aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba cha vitabu juu ya vipindi vyake vya kawaida.

Ukisoma makala nyingi kuhusu teknolojia za maktaba utadhani kila maktaba ina umeme saa 24 na intaneti ya kasi. Hapa zana zimepimwa kwa swali moja: mtandao ukikata, bado inafanya kazi?

Wikipedia ndani ya memori kadi

Ya kwanza ni Kiwix. Ni programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2007, na kazi yake ni kubeba tovuti nzima ndani ya faili moja. Unapakua faili mara moja ukiwa mahali penye mtandao mzuri, tuseme Arusha au Karatu mjini, kisha unalisoma popote bila bando.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ni ndogo kiasi cha kukaa kwenye memori kadi ya kawaida. Ya Kiingereza ikiwa na picha zote ni mzigo wa kama GB 100, hivyo hiyo inataka diski ya nje. Lakini yapo mafaili ya mada moja moja, kwa mfano tiba, ambayo ni mepesi zaidi.

Wengi hawajui kitu kimoja kuhusu Kiwix. Kwenye simu ya Android, programu hii inaweza kuigeuza simu yako kuwa kama seva ndogo. Unawasha hotspoti, wanafunzi wanajiunga na waifai yako, wanafungua kivinjari na kusoma. Hakuna MB inayokatwa, kwa sababu hakuna kinachotoka nje ya chumba. Kwa shule isiyo na maabara ya kompyuta, hapa ndipo pa kuanzia, maana simu ipo tayari mfukoni mwa mwalimu.

Ukitaka kuhudumia watu wengi zaidi, ipo Raspberry Pi, kompyuta isiyozidi ukubwa wa kadi ya benki. Inatumia umeme kidogo sana, hata pawabenki au sola ndogo inaweza kuiendesha. Unaweka Kiwix humo, unaiacha kwenye rafu, basi.

Kwa masomo ya darasani ipo Kolibri, iliyotolewa mwaka 2017 na shirika la Learning Equality la Marekani. Ina video, mazoezi na maswali, na mwalimu anaona nani amefika wapi. Imetumika hadi kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, mahali ambapo shida ya mtandao inafahamika vizuri. Udhaifu wake ni kwamba maudhui mengi ni ya Kiingereza. Kwa kidato cha kwanza aliyetoka shule ya msingi akisoma kwa Kiswahili, video ya hesabu kwa Kiingereza cha Marekani si msaada mkubwa kama mwalimu hayupo pembeni kufafanua.

Katalogi: usianze na kubwa

Mkutubi akisikia neno mfumo, mara nyingi anatajiwa Koha. Ni mfumo wa bure wa kusimamia maktaba nzima: kuorodhesha vitabu, kuazimisha, kujua nani hajarudisha. Ulizaliwa New Zealand mwaka 1999, maktaba za Horowhenua zilipogundua kwamba mfumo wao wa zamani usingevuka salama mwaka 2000. Ukaanza kazi Januari 2000. Jina lenyewe ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi.

Koha haihitaji intaneti. Inaweza kukaa kwenye kompyuta moja ndani ya maktaba na nyingine zikaunganishwa kwa waya au waifai ya humo humo. Tatizo ni mtaalamu: ikigoma, lazima awepo mtu anayejua Linux. Chuo kinaye, shule ya kata mara nyingi haina.

Kwa hiyo maktaba yenye vitabu mia sita haina haja ya kujitesa. Jedwali la Excel au LibreOffice linatosha kabisa: jina la kitabu, mwandishi, mwaka, namba ya ISBN, namba ya rafu, idadi ya nakala. ISBN ni ile iliyo nyuma ya kitabu pamoja na mistari myeusi, na kamera ya simu inaisoma kwa programu za bure. Vitabu vilivyochapwa Tanzania utavitambua kwa 9976 au 9987 baada ya 978. Namba hizo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Jedwali likipangwa vizuri tangu mwanzo, siku shule ikipata mtaalamu linaingizwa kwenye Koha bila kuanza upya. Kazi inayoua watu moyo ni kurudia kuandika.

Namba za rafu nazo zisiogopwe. Mfumo wa Dewey una umri tangu mwaka 1876, na unaonyesha wazi ulitengenezwa na nani: lugha ya Kiingereza imepewa 420 yote, Kiswahili kimebanwa kwenye 496.392. Shule ndogo inaweza kuishia kwenye tarakimu tatu za mwanzo na maisha yakaendelea.

Vitabu vya bure, na vile ambavyo si vya bure

Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Hii ndiyo ya kwanza kuonyeshwa kwa mzazi anayelalamika kwamba mtoto hana kitabu. Bando tu ndilo linahitajika.

Kwa watoto wadogo kuna African Storybook, mradi uliozinduliwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Hadithi zake zina leseni huria, maana yake mkutubi anaruhusiwa kuzipakua, kuzichapa, kuzitafsiri na hata kuzibadilisha, mradi amtaje mwandishi. Zipo za Kiswahili, na zipo za Kimaasai pia, jambo la maana sana kwa Ngorongoro. Ukichapa kurasa kumi na sita na kuzibana kwa pini, tayari una kitabu kisichohitaji chaji.

Kwa makala za kitaalamu kuna DOAJ, orodha ya majarida ya wazi iliyoanza mwaka 2003, na AJOL inayokusanya majarida ya Afrika tangu 1998. AJOL ina ya bure na ya kulipia, hivyo angalia kabla ya kumwahidi mtu.

Sasa ishu ya PDF za WhatsApp. Makundi ya walimu yamejaa nakala za vitabu vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na mkutubi akisambaza nakala hizo anajiweka pabaya yeye na shule yake. Mwandishi wa Kitanzania anayeuza nakala chache kwa mwaka ndiye anayeumia zaidi, si kampuni kubwa ya nje.

Akili mnemba na vitabu hewa

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, wakutubi sehemu mbalimbali wamekuwa wakipokea maombi ya vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa. Mashine inatunga jina la kitabu, inalipachika kwa mwandishi halisi, na linasikika sawasawa kabisa. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times la Marekani lilichapa orodha ya vitabu 15 vya kusoma likizo, na 10 kati yake havikuwepo.

Njia ya kujikinga ni ya kizamani: tafuta kitabu kwenye katalogi halisi kabla ya kumhangaisha mtu. WorldCat na Open Library zinapatikana bure. Kama hakipo hapo, wala kwa mchapishaji, omba ushahidi.

Hata hivyo zana hizi si za kutupa. Kumsaidia mwalimu kufupisha barua ndefu au kutunga maswali ya kujaribu uelewa, zinafaa. Ila kwa habari za Sale zenyewe hazina pa kushika, kwa sababu kilichoandikwa mtandaoni ni kidogo.

Kile ambacho hakiwezi kupakuliwa

Wengi walilisikia jina la Samunge mara ya kwanza mwaka 2011, magari yalipopanga foleni kwenda kwa Babu kunywa kikombe. Kabla na baada ya hapo, eneo hili la Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Watemi, lina mifereji ya umwagiliaji ya asili iliyowavutia watafiti kwa miongo mingi. Kitabu kinachotajwa sana kuwahusu, cha Robert F. Gray, kilitoka mwaka 1963. Kiliandikwa kwa Kiingereza.

Wazee wanaojua utaratibu wa zamu za maji Digodigo na Samunge hawataishi milele, na simu ya kawaida inaweza kuwarekodi. Mkutubi mwenye muda wa Jumamosi moja ana kila kifaa anachohitaji. Yapo mambo machache ya kuzingatia.

Omba ruhusa kwanza, na uirekodi hiyo ruhusa mwanzoni mwa sauti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 si ya mabenki tu. Mzee akisema sehemu fulani ni ya ukoo na isitoke, isitoke.

Usirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa kuwa inabana sauti na ubora unapotea. Tumia kinasa sauti cha simu na uchague WAV kama kipo. Faili lipewe jina linaloeleweka, kwa mfano 2026-03-14_Digodigo_mifereji, badala ya kuliacha liitwe sauti namba 0047.

Kisha weka nakala tatu: moja kwenye simu, moja kwenye kompyuta ya shule, na moja kwenye flashi inayokaa nje ya jengo hilo. Lami ya Waso hadi Sale, kilomita 49, imerahisisha safari. Mtu anayekwenda mjini anaweza kuondoka na flashi yenye nakala ya rekodi na kurudi nayo ikiwa na faili jipya la Kiwix.