Glasi ya Krismasi Eldoret: nani aliruhusiwa kuinywa?

Tangu Rais William Ruto aikabidhi Eldoret hati ya jiji Agosti 15, 2024, historia ya mji huu imesimuliwa upya kwa mahindi, wanariadha na lile kasha la benki. Kuna kipande kinachorukwa, nacho hujirudia kila Desemba mashamba yakishavunwa na mifuko ikiwa na chochote. Ni ile glasi ya wiski ya moto yenye asali, ndimu, tangawizi na karafuu. Wapo wanaoiita toddy, kama Waskoti. Wengine huagiza tu "dawa, na utie wiski", na mhudumu anaelewa.

Kuitengeneza si kazi. Chemsha maji na vipande vya tangawizi, kijiti cha mdalasini na karafuu tatu au nne, funika, uache viungo vitoe nguvu. Hapa Eldoret tuko takriban mita 2,100 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, kwa hiyo usiwe na haraka kama mtu wa Mombasa. Kamulia ndimu, koroga kijiko cha asali, na wiski iingie mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78. Anayeichemsha pamoja na viungo anawanywesha majirani mvuke.

Asali inatoka bonde la Kerio, tangawizi sokoni, karafuu Zanzibar na Pemba. Kigeni hapo ni chupa na mdalasini. Lakini kwa miongo kadhaa, Mwafrika wa mji huu hakuruhusiwa kisheria hata kuonja glasi hiyo.

Makaburu wa msafara wa Jansen van Rensburg walifika Sergoit Oktoba 1908 kwa magari ya ng'ombe kutoka Nakuru. Posta ikafunguliwa 1910 katika shamba namba 64, ndiyo maana wazee bado wanauita mji Sisibo, yaani 64. Mwaka 1912 mji ukapewa jina la Eldoret, na Standard Bank ikafungua tawi. Kasha lake la chuma, yasimuliwa, lilianguka likishushwa, likashindikana kuinuliwa, basi benki ikajengwa kulizunguka. Reli ilifika 1924, na shehena za kutoka pwani, wiski ikiwemo, zikaachana na matope ya njia ya ng'ombe.

Hayo kila mtu ameyasikia. Lisilosikika sana ni sheria iliyosafiri na chupa hizo.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels, lengo lake kuu likiwa kukomesha biashara ya watumwa Afrika. Ndani yake kulikuwa na sura nzima kuhusu pombe kali. Ilichora ukanda kutoka latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini, na kuzuia pombe kali isiingizwe wala kutengenezwa mahali ambapo haikuwa imeenea. Kenya yote iko ndani ya ukanda huo. Kisha ukaachwa mlango: kiasi fulani kingeweza kuingizwa kwa matumizi ya wasio wenyeji. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukarudia wazo lile lile, na sheria za koloni zikamkataza Mwafrika kwa jina la rangi yake.

Itazame glasi yenyewe sasa. Karafuu zilizochomekwa kwenye ndimu ya mlowezi zilitoka visiwa ambako mashamba yake, tangu enzi za Sultani Sayyid Said, yalilimwa na watumwa. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar hadi 1897. Mkataba uliosema unamkomboa Mwafrika ndio uliomwondoa kwenye meza ile. Aliyekata ndimu na kupasha maji alikuwa Mwafrika mfanyakazi. Aliyekunywa alikuwa bwana wake.

Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake Potent Brews cha 2002, anaisoma historia ya pombe Afrika Mashariki kama historia ya mamlaka: nani anaruhusu, nani anakataza, na ulevi wa nani unaitwa heshima. Nakubaliana naye. Waliokatazwa wiski ndio hao hao ambao wazee wao, Wanandi na Waelgeyo, walikuwa na pombe yao ya asali, kinywaji cha sherehe na cha watu wazima. Serikali ikaibandika pombe ya kienyeji leseni, masharti na faini, kisha ikawashangaa watu kwa kunywa vichakani.

Walowezi nao hawakuwa kitu kimoja. Kufikia miaka ya 1950 mji ulikuwa umegawanyika kwa barabara kuu, ile tuiitayo leo Uganda Road: Makaburu kaskazini, Waingereza kusini. Waliabudu mbali mbali na kuzungumza lugha mbali mbali, ila kuhusu nani asiuziwe wiski hawakuwa na mzozo.

Bia ya chupa ilifunguliwa kwa Waafrika baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Pombe kali ikasubiri hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Makaburu wengi waliondoka uhuru ulipokaribia, na baa zikabaki. Halafu serikali yetu wenyewe ikapiga marufuku chang'aa, pombe kali ya kienyeji, mwaka 1980, mwaka ule ule mkahawa wa Carnivore ulipofunguliwa Nairobi, ukaja kuifanya "dawa" jina la kokteli ya vodka, ndimu na asali kwa watalii. Mama wa mtaani alikamatwa kwa mtungi wake, mwenye hoteli akasifiwa kwa ubunifu. Chang'aa ilihalalishwa tena 2010, kwa masharti ambayo wapikaji wengi hawayawezi.

Siku hizi wiski ya rafu za supamaketi hunywewa na soda baridi, kwa fujo, na nadhani ni hasara. Jiji linalojivunia hati yake lingeandika pia nani alizuiwa mlango gani, na mpaka lini. Mwenye menyu ya zamani ya hoteli, leseni ya baa au risiti ya faini ya pombe ya babu yake asiichome pamoja na takataka za mwisho wa mwaka. Apeleke nakala maktaba ya Chuo Kikuu cha Moi, Kesses, kabla panya hawajaimaliza.