Watoto na uhuru wa chakula katika nyumba zetu

Uhuru wa chakula ni haki ya watu kuchagua wenyewe watakachopanda na watakachokula, na kulinda mbegu zao. Wazo hili lilitangazwa Roma mwaka 1996 na La Via Campesina, muungano wa wakulima wadogo wa nchi nyingi, kisha likafafanuliwa katika mkutano wa Nyéléni, nchini Mali, mwaka 2007. Sisi wa Kivu tunalielewa haraka: aliyekimbia shamba lake hula anachopewa.

Tunapozungumza juu ya chakula, watoto tunawahesabu kama midomo ya kulisha. Kumbe wao pia ni watunzaji wa chakula.

Kazi wanayofanya tayari

Katika Kivu ya Kusini watoto wengi hufuga dende, wale wanyama wadogo wanaokaa jikoni na kula majani. Jike hubeba mimba kwa miezi miwili hivi, na kila uzao huleta wawili au watatu. Wakati wa vita, ng'ombe na mbuzi wakinyang'anywa, dende mara nyingi hubaki, maana ni wadogo na hufichika. Nyama yao ni chakula, na bei yao hununua madaftari.

Watoto pia huchuma lengalenga na sombe, na humsaidia mama kuchanganya mbegu za maharagwe na majivu ili wadudu wasizitoboe. Hapo ndipo mtoto hujifunza majina ya mbegu. Asipojifunza nyumbani, kesho atalazimika kununua kila kitu sokoni.

Afya iko katika mchanganyiko

Bugali peke yake hushibisha bila kujenga mwili. Wazee wetu waliita bwaki ule ugonjwa wa mtoto kuvimba miguu na uso, nywele zikigeuka rangi. Kinga yake ni kuongeza maharagwe, sambaza, ndagala, mayai au soya. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa husaidia macho.

Muhogo mchungu unahitaji uangalifu zaidi. Usipolowekwa vya kutosha, na mlo ukikosa maharagwe, nyama au samaki, unaweza kuleta konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafula na usiopona. Daktari Trolli aliueleza mwaka 1938, akiandika juu ya Kwango. Huwapata zaidi watoto na wanawake. Njaa na haraka ya kuuza hutufanya tupunguze siku za kuloweka. Mtoto anayejua kuhesabu siku tatu anaweza kuwakumbusha wakubwa.

Wajibu wetu

Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kwa faida. Bustani baada ya masomo ni mafundisho. Shamba la kutwa linalomtoa shuleni ni dhuluma. Ni dhuluma pia kuuza dende wa mtoto bila kumwuliza, au kupeleka mayai yote sokoni wakati aliyelisha kuku anakula bugali na chumvi.

Tunashauri kila parokia itenge kipande cha ardhi kwa watoto wa shule ya Jumapili: lengalenga, maharagwe, viazi na mti wa avoka. Mavuno yagawanywe mbele yao, na sehemu ya mbegu ibaki mikononi mwao. Tena nyumbani, sahani ya mtoto ipakuliwe mboga na samaki kabla ya ile ya mgeni.