Mizani Shuleni: Ulaya Yapima Watoto, Sisi Je?

Sisi watu wa Pwani, mtoto akinona twasema amenawiri. Hata mimi nimesema hivyo mara nyingi. Lakini jicho hudanganya.

Mwaka 2007, ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilianzisha mpango uitwao COSI wa kufuatilia uzani wa wanafunzi wa miaka 6 hadi 9. Kila baada ya miaka mitatu hivi, watu waliofunzwa hupima kilo na kimo cha watoto kwa utaratibu mmoja, kisha hulinganisha na umri na jinsia yao. Ndiyo maana Italia yaweza kulinganishwa na Norway bila ubishi.

Vipimo vimeonyesha takriban mtoto 1 kati ya 3 amepita kiasi. Italia, Ugiriki na Uhispania, nchi zinazosifika kwa samaki na mafuta ya zeituni, ni miongoni mwa zilizoathirika zaidi.

Kwetu, kadi ya kliniki humfuata mtoto hadi miaka mitano. Akishaingia shule, nani ampima? Mizani hiyohiyo ingemfichua mnene na aliyekonda pia.