Historia ya maonesho ya uwanjani mkoani Singida

Maonesho ya uwanjani ni kazi ya kuunganisha ngoma, gwaride, halaiki na moto ili umati mzima uone jambo moja kwa wakati mmoja. Marekani kazi hiyo imehamia kwenye viwanja vya burudani: Disneyland ilifunguliwa mwaka 1955, na mwaka 1972 ikaanza gwaride la usiku la magari yaliyopambwa kwa taa. Tanzania imebaki kwenye viwanja vya mpira na siku za kitaifa. Wapo wanaodai kwamba Singida ilifundishwa kazi hii na serikali baada ya mkoa kuanzishwa mwaka 1963. Dai hilo halisimami.

Wazee wa Unyaturu, nchi ya Wanyaturu mkoani Singida, huanza hesabu yao kwa Liti Kidanka. Mwanamke huyu, mganga na kiongozi, aliwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 bila bunduki. Silaha yake ilikuwa nyuki. Wanasimulia kwamba askari walipokaribia aliwaita nyuki, wakatoka porini kundi kwa kundi, wakawavamia askari na kuwatimua, naye hakuguswa na hata mmoja. Jambo hilo lilirudiwa mara kadhaa, hadi Wajerumani wakapata msaliti wa kuwafichulia siri yake, ndipo wakamkamata na kumuua. Anayeijua nchi ya Singida hapati tabu kuamini sehemu ya nyuki: mizinga hutundikwa mitini tangu Ikungi hadi vichaka vya Itigi, na asali ya Manyoni inajulikana nchi nzima. Uwanja wa mpira wa mjini, uliokuwa ukiitwa Namfua, sasa unaitwa Liti. Tabora wana Ali Hassan Mwinyi, Shinyanga wana Kambarage, Mbeya wana Sokoine. Singida peke yake, kati ya hao, imempa mwanamke uwanja, na imempa anayestahili.

Pwani, miaka ya 1890, beni lilizuka Lamu na Mombasa: bendi, sare na vyeo vya kijeshi, baadaye vyama vyake, Marini na Arinoti, vikishindana. Vita Kuu ya Kwanza ililiingiza bara pamoja na askari na wapagazi.

Ngoma ya Manyoni inataka maelezo marefu zaidi, kwa kuwa hapo pana haki iliyochukuliwa. Muziki wa Wagogo hutajwa kila mahali kuwa mali ya Dodoma, ilhali Wagogo hawakuishia kwenye mpaka wa mkoa; wamo Manyoni, na Manyoni ni Singida. Katika muheme, ngoma ya Wagogo, wanawake ndio wapigaji. Kila mmoja hubana ngoma katikati ya mapaja, mikono miwili ikiwa huru, na mstari mzima husogea bila mlio kukatika. Mpangaji yeyote wa maonesho anajua ugumu wa kupiga huku unatembea. Hukwe Zawose, Mgogo wa upande wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka muziki huo ughaibuni kwa zeze na marimba, na heshima yake haipunguzwi na Manyoni kupewa chake.

Mkono wa serikali ulikuja baadaye: Desemba 10, 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Kikafuata kikundi cha taifa cha ngoma, kisha cha sarakasi kilichofunzwa China, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo.

Moto wa Singida ni Mwenge wa Uhuru. Luteni Alexander Nyirenda aliusimamisha kileleni Kilimanjaro usiku wa Uhuru, Desemba 1961, na mbio zake zilianza mwaka 1964. Unapoingia mkoani makabidhiano hufanyika mpakani, mkuu wa mkoa mmoja akimkabidhi mwenzake mbele ya wananchi, kisha kila halmashauri huupokea kwa zamu na kukesha nao. Fataki ni desturi ya Zanzibar, usiku wa kuamkia Siku ya Mapinduzi, Januari 12.

Halaiki ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mamia ya wanafunzi hukariri nafasi zao kwa alama za chokaa zilizochorwa chini. Mkufunzi husimama juu ya meza na filimbi. Mlio mmoja ni kuinama, miwili ni kuhama. Mtoto haoni neno analoliandika kwa mwili wake. Anamwona wa kushoto na wa kulia tu. Akikosea hatua moja, herufi huonekana jukwaani kama kinywa chenye pengo. Hivyo mazoezi hurudiwa juani hadi miguu izoee yenyewe, na sifa zote huenda kwa mgeni rasmi. Wakufunzi wa halaiki, wengi wao walimu wa shule, wanastahili kutajwa majina kwenye ratiba kama watajwavyo wakuu wa bendi.

Mei 1, 2025 sherehe za Mei Mosi kitaifa zilifanyika Singida, katika uwanja wa Bombadia. Gwaride la siku hiyo halina bunduki: vyama vya wafanyakazi hupita na mabango mbele ya jukwaa kuu, na nyuma yao magari yanayoonesha kazi ikifanyika. Hapo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza nyongeza ya asilimia 35.1 ya kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai mwaka huo.