"Masanga": wimbo mmoja wa Likasi na diski zake

Wazee wa Likasi wangali wanaikumbuka "Masanga" ya Mwenda Jean-Bosco. Gitare moja na sauti moja, lakini asiyejua anafikiri wapigaji ni wawili. Siri ilikuwa paka katika vidole viwili vya mkono wa kuume: kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinaimba juu yake. Hapa ninapenda kueleza namna ule wimbo ulivyotoka kwetu na kutembea dunia, na kitu gani kilibaki njiani.

Mwaka 1952 mji ulikuwa bado Jadotville. Hugh Tracey, Mwingereza mwenye kukaa Afrika ya Kusini, alikuwa akizunguka na mashini ya kunasa sauti. Alimkuta Mwenda barabarani na gitare yake, kijana wa kama miaka 22, mwana wa Bayeke. Studio haikuwako. Akamnasa, na kampuni ya Gallo ikatoa diski. Mwaka ule ule "Masanga" ikapata zawadi ya Osborn kwa muziki bora wa Afrika.

Sasa tufikiri kidogo juu ya ile diski. Ilikuwa ya 78, nzito, ikianguka inavunjika kama sahani. Upande mmoja unabeba karibu dakika tatu tu. Lakini mpiga gitare wa kwetu, kwenye arusi ao mbele ya pombe, hapigi dakika tatu! Anarudia, anageuza, anaongeza kadiri watu wanavyocheza. Kwa hiyo kilichoingia katika diski ni kipande, tuseme picha ya siku moja.

Ile picha ndiyo iliyosafiri. Diski zilifika mbali, na Mwenda mwenyewe alipoenda Nairobi mwaka 1959 alikuta watu wanamjua tayari. Wapiga gitare wa Kenya walijifunza kwake. Halafu mwalimu wa London, David Rycroft, akaandika muziki wake kwa nota, kidole kwa kidole, katika makala mbili za 1961 na 1962. Kazi kubwa, na mimi ninamshukuru. Tena alijua vizuri kwamba Mwenda alikuwa akigeuza. Alilitia neno hilo hata katika kichwa cha makala. Lakini nota zikiisha kuandikwa, mwanafunzi anazifuata kama Amri Kumi.

Mwenda aliendelea. Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani. Kisha akawa Mwenda wa Bayeke, akaongoza kundi la gitare za umeme, na mwaka 1990 akafa kwa ajali ya gari huko Zambia. Kazi za Tracey zinalindwa katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini, na kampuni ya SWP ya Uholanzi ilitoa gitare za Katanga kwa CD.

Kijana mmoja wa kwetu alijifunza "Masanga" toka CD. Akaipiga mbele yetu bila kosa hata moja, njo vile ilivyo katika diski. Mzee aliyewahi kumwona Mwenda alisikiliza mpaka mwisho, akamsifu, halafu akamwomba aipige tena, lakini kwa namna ingine. Kijana akatazama vidole vyake. Namna ingine hakuwa nayo.